Jino la Mpiga Tarumbeta

Jumamosi, Novemba 1975. Mvua ilianza alfajiri ikapiga mabati ya chumba chetu hapa Kyebando mpaka saa nne, kisha jua likatoka kama vile hakuna kilichotokea.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na meno yangu yote, hata hili moja lililokufa! Naandika leo ili kesho nikisimama kwenye ushirika nisibabaike. Shule yangu iliishia darasa la tano, na sina hakika kama habari ya jino inatosha kuitwa ushuhuda. Wenzangu mmeokolewa kutoka kwenye pombe. Mimi nilitibiwa na daktari. Mtapima wenyewe.

Mnanijua. Mimi ni konstebo, napuliza tarumbeta katika bendi. Tarumbeta hukaa juu ya midomo, na midomo huegemea meno ya mbele. Jino la hapo likiondoka, pumzi inatawanyika, unatoa sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Sasa jino langu la mbele, la juu, likaanza kuuma. Kwanza lilikataa chai ya moto. Halafu likanyamaza, nikashukuru, kumbe lilikuwa linakufa ndani kwa ndani! Mwishowe ufizi ukavimba, uso ukawa kama andazi.

Ndugu zangu, nilijaribu yote. Nilibandika aspirini kwenye ufizi, ikauchoma ukawa mweupe. Msifanye hivyo, aspirini ni ya kumeza. Mama Zaituni, jirani yetu Mnubi, alinipa karafuu niiume. Kwa haki niseme, ilituliza. Haikuponya, lakini mama yule hakunidanganya kwamba itaponya.

Okello, mpiga ngoma wetu, akaja na koleo. "Fungua mdomo, ndugu. Mara moja tu, unaona nyota, kwisha!"

"Na tarumbeta nitapuliza na nini?"

"Na pua!"

Bendi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, upande mmoja.

Mkuu wa bendi hakucheka. Aliniita pembeni. "Gwaride liko karibu. Usipopuliza, jina lako linarudi kwa wakubwa. Wanatafuta watu wa vizuizi vya barabarani na wa zamu za usiku."

Simlaumu, naye alikuwa na mkubwa wake. Ila mnajua zamu hizo ni za namna gani, na mnajua kwa nini siandiki zaidi. Mimi sikuwahi kumtoa mtu nyumbani kwake. Nikamwomba Bwana: niachie jino hili, mikono yangu ibaki ilivyo.

Mke wangu Santa ndiye aliyesikia sokoni kwamba Wandegeya kuna daktari wa meno anayetibu mzizi bila kung'oa jino. Nikaenda na sare, vifungo vinang'aa, nikiamini ndiyo heshima. Kwenye benchi watu wote wakasogea mbali nami, wakaniachia nafasi. Mzee mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwake. Nikadhani ni adabu!

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, nami jina lake silitaji. Aligonga jino na chuma kidogo, akapiga picha, akasema polepole, "Afande, jino limekufa." Halafu haraka haraka, "Limekufa lenyewe, afande. Siyo mimi."

Akaeleza kwamba atatoboa tundu nyuma ya jino, asafishe uozo ulio ndani ya mzizi, kisha auzibe. Jino litabaki. Akashika sindano nyembamba kama unywele, nikaona mkono wake unatetemeka. Akaiweka chini. Akatazama mlango.

"Afande, nisamehe bambi, tafadhali. Hii ikivunjika ndani ya mzizi, kuitoa ni taabu. Urudi kesho na shati ya nyumbani."

Banange! Ndipo nikaielewa ile benchi. Nikaona aibu, lakini nikamwambia ukweli: "Nyabo, mama yangu, hata mimi nakuogopa wewe."

Akanitazama, akaanza kucheka, mpaka akakaa.

Kesho yake nilikwenda na shati la maua la Okello, kubwa kama hema. Ndugu zangu, mikono ile ilitulia! Alinichoma sindano ya ganzi, nikahisi mdomo umekuwa wa mtu mwingine. Maumivu tunayoyaogopa ni ya ugonjwa. Kazi yenyewe ilikuwa kukwaruza, kuosha na kukwaruza tena, mpaka nikasinzia. Dawa aliyotia ndani ilinukia nini? Karafuu! Mama Zaituni nilipomwambia alipiga makofi: "Alhamdulilahi! Basi mie nilikosa tu kiti cha daktari cha kukulaza!"

Kisha daktari akanionya, nami nawaonya. Alichozibia siku ile ni udongo wa muda. Maumivu yakiisha usikae nyumbani ukidhani umepona, maana uozo hurudi. Nilirudi. Alisafisha tena, akajaza mzizi kwa kijiti laini kama mpira, akaziba kwa saruji ngumu. Siku chache jino lilikuwa zito nikiuma. Limeanza kuwa la kijivu, na ameniambia jino la namna hii huvunjika upesi, kwa hiyo nisilitumie kwa miwa wala kwa mahindi ya kuchoma.

Na gwaride? Nilipuliza! Sauti ya juu kabisa ilitoka safi, Okello akasahau kupiga ngoma. Jina langu lilibaki kwenye bendi. Haleluya!

Lakini niseme haki. Wako wenzangu walioomba kama mimi, wakapelekwa kwenye zamu zile. Sijui kwa nini. Siwezi kusema niliomba vizuri kuliko wao, na ninawataja kila ninaposhukuru. Ninachojua ni kwamba niliomba, na Bwana akanipa mwanamke aliyekuwa na hofu na bado akaniambia ukweli.

Ndugu yangu, kama una jino linalouma, au lililouma likanyamaza, usingoje uso uvimbe. Mtumaini Bwana, na uende Wandegeya. Uende na shati ya nyumbani.

Jioni tumekula posho, ugali wetu wa mahindi, na samaki wa kukaanga. Santa amenipa kichwa, nami nimekitafuna chote, kwa meno ya pembeni.