Bibi Tochi na Nge Bandia wa Pangoni

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika jumba letu la makumbusho, mtafiti wa viumbe wa mapangoni, ambaye wote tunamwita Bibi Tochi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Sisi wa klabu ya sayansi ya shule jirani tumeombwa tuandike wasifu wake, nasi tumeona fahari.

Alianza kazi kwa kuosha chupa za sampuli, akaenda masomoni, akarudi mtaalamu. Katika maabara yake feni haiwashwi hata joto likizidi, na mwenye chafya hutoka nje, maana viumbe wake hupeperuka kwa pumzi tu. Hata mkurugenzi amewahi kutolewa, akapigia chafya ukumbini.

Kwa miaka mingi alihifadhi katika chupa ya sampuli jike mmoja wa nge bandia asiyejulikana bado kwa wanasayansi. Ni mdogo kuliko punje ya mchele. Ana magando kama nge, ila hana mkia wala mwiba. Watafiti wenzake walimsihi amtangaze hivyo hivyo kuwa spishi mpya. Alikataa, akisema ukoo hauelezwi kwa kumwona mama peke yake. Magoti yakaanza kumgomea, kustaafu kukakaribia, na dume hajapatikana.

Mwaka jana alitupeleka pangoni. Yeye alikaa mlangoni na tochi yake, sisi tukaingia na msaidizi wake kutafuta mawe wanakojificha nge hao. Kwa kuwa tumefundishwa usafi, tuliyakung'uta vumbi lote kabla ya kumpelekea. Bibi aliyageuza moja moja, akacheka hadi machozi.

"Wajukuu zangu, nyumba mmeniletea, wenye nyumba mmewamwaga!"

Hakutugombeza. Alimwita aliyechafuka kuliko wote, akaipangusa sweta yake kwa brashi laini juu ya sahani nyeupe. Kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko akadondoka dume, akaanza kutembea kinyumenyume. Bibi alimkumbatia yule mtoto pamoja na vumbi lake.

Mwezi uliopita spishi hiyo mpya ilitangazwa rasmi, mama na baba pamoja. Jina alilowapa maana yake ni "wakaao vumbini".

Bibi, asante kwa subira yako. Brashi uliyotuachia tunaitunza, na feni haitawashwa. Magoti yako yapate raha, na nyumba yako ijae mwanga. Kila tukitoka pangoni tutapitia kwako kukusalimu, kabla ya kujikung'uta.