Bambo la Mama na Gunia la Sirisia

"Mahindi yaliyooza mnayapeleka wapi?" Swali hilo aliliuliza marehemu mama yetu, Daktari Wilkista Nakhungu, tarehe 22 Septemba 2004, katika baraza la chifu pale Sirisia, mbele ya watu wapatao mia mbili, na hakuna aliyejibu, si kwa kutojua, kila mmoja alijua, na hata mimi binti yake Joy, niliyepewa na familia kazi ya kuwasomea historia yake hapa Kabuchai leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2008, nilijua na nikanyamaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Sirisia, mtoto wa kwanza wa Mzee Wepukhulu na bibi yetu tunayemwita Kukhu, ambaye ameketi pale karibu na jeneza. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1958, akaingia sekondari 1966, na mwezi Juni 1967, akiwa kidato cha pili, aliitwa nyumbani kumzika baba yake, aliyekufa tumbo limevimba na macho yamekuwa manjano, wazee wakasema amerogwa, na tangu siku hiyo Kukhu ndiye aliyemsomesha kwa kupika pombe ya busaa, na mahindi ya busaa, si tunajuana, ni yale yaliyoshikwa na ukungu, kwa sababu kwetu chakula hakitupwi.

Alimaliza chuo kikuu jijini Nairobi mwaka wa 1975, akaajiriwa Julai 1976 katika maabara ya nafaka mjini Kitale, na akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1986 kwa utafiti wa jinsi seli za ini zinavyoishughulikia sumu ya ukungu wa mahindi. Alikuwa akituambia kwamba ini ni kama mama anayefagia nyumba kwa ufagio ulioshika moto, linajitahidi kuitoa sumu, lakini katika kuigeuza ili itoke huifanya kali kuliko ilivyoingia, na pale inapogusa ndani ya seli huacha alama ambayo, baada ya miaka mingi, inaweza kuwa saratani.

Miaka thelathini alizunguka soko la Kitale na bambo lake, kile chuma chenye ncha ambacho mabroka huchoma nacho gunia waone mahindi ya ndani, yeye na msaidizi wake wa maabara, Bi Arafa, na akina mama wa sokoni wakimtania, "Daktari wa Bambo, leo unatafuta jini gani?" naye akiwajibu, "Jini la kijani, bana, na wewe ndiye unaliuza!" Ripoti yake kuhusu sumu hiyo aliipeleka mara tatu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mara tatu akaambiwa arudi kesho, na mniwie radhi wageni waheshimiwa, mimi sijui ni kesho gani inayochukua miaka minne.

Alifunga ndoa na Mwalimu Wamalwa tarehe 18 Desemba 1977, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Wepukhulu mwaka wa 1980, na mimi mwaka wa 1987.

Mwezi Januari mwaka huu alianza kukonda, akajipima mwenyewe kabla ya daktari kumwambia, nayo ilikuwa saratani ya ini, na nimewasikia wengine humu wakisema ati mbona hakujitibu, na nimechoka kuwajibu. Alifariki Kitale, Alhamisi tarehe 7 Agosti 2008, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bi Arafa aliyemwosha miguu kila jioni hadi mwisho, wafanyakazi wenzake, na majirani wa hapa Kabuchai waliotuletea kuni na maji bila kuitwa.

Limebaki jambo moja, halimo katika karatasi waliyoipitisha wazee. Juzi Kukhu alishuka kwenye pikapu na gunia la mahindi kutoka Sirisia, la busaa ya siku ya tatu baada ya mazishi, tutakaponyolewa nywele, na alilileta kwa upendo, kwa mikono ile ile iliyomsomesha mama. Leo asubuhi nililichoma kwa bambo la mama, likatoa ukungu wa kijani. Najua Kukhu husema moto unaua kila kitu, na mama alimweleza mara nyingi, polepole, kwamba sumu hii moto hauimalizi, lakini hakuwahi kumwambia mbele ya watu kwamba swali la baraza lilimlenga yeye, alimwonea huruma, na mimi pia ninamwonea.

Laza mbavu, Mama, umefanya kazi ya kutosha.

Na wewe Kukhu, usiinamishe kichwa, hakuna anayekulaumu. Nakuomba tu, tukishamfukia, unishike mkono twende nyuma ya jikoni, na gunia lile tulizike pia.