Canio Summa na Dang'a Iliyochelewa

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nyumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Canio Summa, mfugaji wa ng'ombe wa nyama hapa kwetu, chini ya mji wa Acerenza. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na tisa.

Canio alikuwa na ng'ombe kumi na wanane, wa kijivu, wenye pembe ndefu. Alifuata desturi ya baba yake. Ng'ombe akibakiza miezi miwili kuzaa, alipunguziwa majani makavu hadi nusu. Wazee walisema mama mnene hubeba ndama mkubwa, na ndama mkubwa hukwama. Canio alipokuwa kijana alimvuta ndama kwa kamba, akampoteza ndama na mama yake. Hakusahau.

Binti yake, Assuntina, alimbishia kila majira ya baridi. Alisema mama mwenye njaa hukosa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Ndama hazaliwi na kinga ya maradhi. Anainywa katika dang'a hiyo.

"Mama yako nilimlisha hadi siku ya mwisho," Canio alimjibu, "ukatoka wewe, na mdomo huo."

Mkewe, Filomena, alicheka hadi akaweka kijiko chini.

Februari ya mwaka jana ndama watano walizaliwa kwa wepesi. Canio alijisifu. Baada ya siku nne wakaanza kuharisha, na Jumapili hakubaki hata mmoja.

Ndipo akazaa Palomba, ng'ombe aliyempenda kuliko wote. Canio alimkamua mwenyewe. Dang'a haikujaza kikombe. Akakitazama kikombe kile, kisha akaenda akajaza hori majani hadi yakamwagika. Palomba alikula. Lakini dang'a hutengenezwa wiki nyingi kabla, na wiki zile zilikuwa zimepita.

Theluji ilikuwa imefunga barabara. Canio akaenda kwa miguu kwa jirani yake Egidio, ambaye ng'ombe wake alikuwa amezaa vizuri, akaomba chupa ya dang'a. Alirudi kesho yake jioni, chupa ikiwa ndani ya koti. Ndama wa Palomba akainywa hadi tone la mwisho.

"Umeona?" alimwambia binti yake. "Amekunywa yote."

"Nimeona, baba."

Assuntina alijua kwamba siku ya kwanza ikishapita, tumbo la ndama halipitishi tena kinga ile. Anashiba tu. Hakumwambia. Wakapiga magoti kwenye majani, baba na binti, wakasali. Ndama alikufa Ijumaa.

Filomena anatuambia kwamba majira haya ya baridi, akiwa kitandani, mumewe hakuuliza habari za dawa wala za daktari. Aliuliza, "Wamekula?" Akijibiwa ndiyo, aliuliza tena.

Filomena, Assuntina, poleni sana. Mungu ampokee Canio, na awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wenye mifugo, mtafakari leo. Kwa ng'ombe wanaozaa wiki hii, tumeshachelewa, tubaki kuomba. Kwa wanaozaa Aprili, hori liko mbele yenu.