Kazi ya Kweli ya Alfayo Mugambi

Waliokuwepo kando ya kitanda chake hospitalini Edgbaston, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, ni hawa: mkewe Bi. Jelagat, binti yao Roselyne, jirani yao Bi. Cheryl, sonara wa Hockley Bwana Tarsem, Mchungaji Séverin wa kanisa hili, na mimi, Zakayo Kirimi, kaka yake mkubwa. Mbele yao Alfayo aliniambia, "Kaka, utakaposoma historia yangu, safari hii nipe kazi yangu mwenyewe." Bi. Jelagat na Bwana Tarsem walitazama chini, kwa kuwa walijua. Ninyi wengine hamjui, na ni wajibu wangu kuwaeleza.

Alfayo Mugambi alizaliwa tarehe 3 Februari 1954 huko Githongo, Meru, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Stefano M'Ikiara na Mama Julia Karoki. Wiki tano baadaye baba alikamatwa na askari wa serikali ya kikoloni, akawekwa kizuizini Manyani kwa miaka mitano, akarudi na mkono wa kushoto usioweza kufunga ngumi. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya bweni, nikifundishwa kusimama wima bendera ya Uingereza ikipandishwa.

Alfayo alisoma Githongo hadi mwaka 1969, nilipomleta hapa Birmingham, akamaliza sekondari mwaka 1971, na tarehe 10 Septemba 1973 akajiunga na jeshi la majini la Uingereza, akaniambia baada ya kutia sahihi. Nilimwandikia baba kwamba Alfayo amepata kazi kwa sonara huko Hockley. Kwa miaka kumi na saba niliandika habari za pete na bangili ambazo hazikuwepo, na baba akawa akizisimulia kanisani kwa fahari.

Kazi yake ya kweli ni hii: alikuwa fundi wa injini katika nyambizi iitwayo Osterley, kuanzia mwaka 1975 hadi 1988. Mwaka 1982, wakati wa vita vya Falkland, alikaa humo kuanzia Aprili hadi Agosti, wanaume sitini na wanane ndani ya chuma, wakilala kwa zamu katika vitanda ambavyo bado vilikuwa na joto la aliyetoka. Tarehe 2 Juni bomba la maji ya bahari lilipasuka katika chumba cha injini, naye na mwenzake mmoja wakalizuia kwa kabari za mbao na godoro kwa saa mbili, bila kutoa sauti, kwa maana juu yao zilipita meli za adui. Haya nimeyajua juzi kutoka kwa wenzake waliokuja kutoa pole, kwa sababu mimi sikuwahi kumwuliza.

Alifunga ndoa na Bi. Jelagat, muuguzi, tarehe 6 Septemba 1986, na Roselyne akazaliwa tarehe 19 Mei 1988. Mwaka huo aliacha jeshi, akawa fundi wa boila katika shule moja ya Winson Green.

Baba alifariki mwaka 1991, tukamzika Githongo Jumamosi tarehe 20 Aprili, na historia yake niliisoma mimi. Nilipofika kwa watoto nikasoma, "Alfayo Mugambi, sonara, Birmingham," naye ameketi safu ya kwanza. Siku zote nilijitetea kwamba nilikuwa namlinda baba, lakini siku hiyo baba alikuwa ndani ya jeneza. Nilikuwa najilinda mimi. Njiani kurudi Birmingham Alfayo aliniambia, "Asante, kaka, umeniajiri bila hata kuniita kwa mahojiano."

Mwaka uliofuata alikwenda Jumamosi nne kwa Bwana Tarsem kujifunza, akafua pete moja kutokana na kipande cha bomba la shaba lililotolewa Osterley, akaniwekea mezani. "Haya," alisema, "sasa hukusema uongo." Niliitia kwenye mtoto wa meza. Leo nimeivaa, ingawa inaingia kidole kidogo tu.

Osterley ilikuwa imestaafishwa mwaka 1989 ikanunuliwa na chama cha mabaharia wake, wakaitoboa milango ubavuni ili wageni waingie, jambo lililomuuma Alfayo mpaka alipoona watoto wa shule wakipita humo. Hadi mwaka 2019 alikwenda bandarini kwa treni Jumamosi mbili kila mwezi, kukwangua kutu, kupaka rangi na kuwaongoza wageni. Kila Aprili aliandikisha jina langu langoni, kwa herufi zake zote, kuwa mgeni wake. Sikwenda hata mara moja.

Aligundulika kuwa na saratani ya mapafu mwezi Oktoba 2023. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Winson Green, hasa Bi. Cheryl aliyeleta supu kila Alhamisi, na wenzake tisa wa Osterley walioketi pale nyuma, ambao naomba wasogee mbele wakae na familia.

Mdogo wangu, pumzika, zamu yako imekwisha.

Alfayo Mugambi, fundi wa nyambizi, alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri.