Mkalimani Aliyedanganya Mara Moja: Wasifu wa Marehemu Santo Kidega (1958–2025)

Marehemu Santo Kidega alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kambi ya polisi, Nakawa, mtoto wa kwanza wa Koplo Oryem na Mama Joska, wote wenyeji wa Gulu. Dada yake mdogo, Aciro, alizaliwa miaka mitano baadaye, na tangu alipoweza kutembea hakubanduka nyuma yake. Kambini watoto wa makabila yote walielewana kwa Kiswahili, na Santo alikipenda kuliko wenzake.

Mama yao alifariki Aprili 1969, baada ya kuugua siku tatu tu. Mvua za mwezi ule zilikuwa zimekata barabara ya kaskazini ya kwenda Gulu, hivyo akazikwa hapa hapa mjini, ugenini. Wanaume walipopanga mawe juu ya kaburi, Koplo Oryem aliwaambia wanawe kwamba mama anajengewa nyumba ili mvua isimpige.

Jumamosi iliyofuata baba, ambaye hakujua la kufanya na watoto wawili walionyamaza kutwa, aliwapeleka sinema ya mchana mjini akawaacha mlangoni. Hakuuliza ni picha gani. Ilikuwa picha ya dubwana lililotoka kinamasini, jeusi, refu kupita milango, linalolia kwa sauti ya ng'ombe. Nusu ya watoto ukumbini walikuwa chini ya viti. Santo, mwenye miaka kumi na mmoja, alimziba dada yake macho kwa kiganja kilichonukia karanga, akawa anamtafsiria kile Kiingereza alichokiokoteza darasani. Alitafsiri vizuri mpaka mwisho, wanakijiji walipolitumbukiza dubwana shimoni na kulifukia kwa mawe likiwa hai.

"Watu wanafanya yeye nini?" Aciro aliuliza.

Santo alimvuta karibu. "Wanajenga yeye nyumba. Mvua isipige yeye."

Alisoma shule ya msingi jirani na kambi, kisha sekondari huko Mengo, akamaliza mwaka 1975. Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama, Nakawa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na saba kwa Kiacholi, Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Alikuwa mgumu, tuseme ukweli. Mama wa mshtakiwa mmoja aliwahi kumpigia magoti amlainishie mwanawe maneno. Santo alimwinua, akamtafutia kiti, kisha akatafsiri kama yalivyosemwa. Hata vibanda vya video alivisusa, akidai kwamba wale jamaa wanaotafsiri picha kwa kipaza sauti wanatia chumvi mpaka mchuzi haunyweki.

Mwaka 1986 alimuoa Safinah, binti wa Kisenyi. Wazee wa pande zote mbili walinuna kwa sababu ya dini. Bwana harusi alikaa katikati yao na kuwatafsiria matusi yao neno kwa neno, mpaka wakaona haya, na mmoja akaagiza chai. Ndoa hiyo ilijaliwa mabinti wawili, Ayaa na Bushira.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo. Ilipofika Agosti, daktari alimwita Aciro pembeni na kumweleza kwamba uvimbe umeshaenea kwenye ini na hakuna dawa iliyobaki. Familia ilikuwa imekubaliana mgonjwa afichwe ukweli. Aciro akarudi kitandani na tabasamu la kuazima, akaanza kusema kwamba daktari ameona nafuu.

Kaka yake alimkata kauli. "Aciro, mkalimani anasema ile imesemwa."

Basi akamwambia yote. Hajawahi kufanya jambo gumu kama lile. Santo alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru. Kisha akasema kuna neno limemkaa kooni miaka hamsini na sita.

"Ile nyumba ya dubwana, haikuwa nyumba. Mimi nilidanganya wewe."

"Najua," Aciro alimjibu. "Niliona kati ya vidole yako. Mkono yako ilikuwa inatetemeka, basi mimi nikanyamaza."

Santo alilia, na hakuna aliyekuwa amemwona akilia tangu kambini.

Alifariki nyumbani kwake Nakawa, asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na miaka sitini na saba. Aciro ndiye aliyemfumba macho.

Ameacha mjane, Safinah, mabinti zake, Ayaa na Bushira, wajukuu wanne, na dada yake, Aciro, ambaye sasa amebaki peke yake kati ya wale wanne wa kambini. Wazee walitaka marehemu apelekwe Gulu, lakini mwenyewe aliomba alazwe kando ya mama yake, ambaye amekaa ugenini bila mtu muda mrefu mno. Mawe yameshaletwa. Dada yake ameomba aweke la kwanza kwa mkono wake, na ameomba asizuiwe kutazama.

Apumzike Santo kwa amani, na mvua isimpige.