Hewa ya Om Noldy Ilikwenda Wapi

Wasikilizaji wapendwa, leo sitaanza na wimbo. Mnaotusikiliza hapa Manado, mnaotusikiliza visiwani, na wewe uliyeegesha pikipiki kibandani unangoja mvua ipungue, sogea karibu na redio. Nataka tumkumbuke Om Noldy wa Salombe, mjomba wa kila mtu.

Noldy Makahinda amefariki. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Om Noldy Makahinda, mwongozaji wa wapiga mbizi kisiwani Salombe, amefariki akiwa kazini, chini ya maji. Ameacha mke, Deetje, na binti mmoja anayesomea uuguzi hapa mjini. Tulimzika Jumamosi.

Tangu siku ile kuna neno linazunguka. Linasemwa gatini, linasemwa hotelini, nimelisikia hata hapa mlangoni mwa studio. Wanasema Om Noldy alizembea. Wanasema, mwongozaji mzima anaishiwaje na hewa? Sasa leo nitawaambia hewa yake ilikwenda wapi. Nimeruhusiwa kusema, na aliyeniruhusu mtamjua.

Om Noldy alizaliwa palepale Salombe, nyuma ya kanisa. Baba yake alikuwa mvuvi wa mkuki. Miwani ya kwanza ya Noldy ya kuzamia baba yake aliichonga kwa mti, akabandika vioo viwili vya chupa kwa utomvu. Ilivuja. Deetje alisoma naye darasa moja, naye ananiambia hivi:

"Alikuja shule macho mekundu kama mlevi. Mwalimu anamuuliza, we Noldy ulikuwa wapi? Anajibu, nilikuwa namwangalia pweza anabadilisha nguo. Darasa zima tukafa kwa kicheko. Alichapwa, lakini kesho yake akaenda tena."

Wapiga mbizi wa mitungi walipoanza kuja kisiwani, walihitaji mtu wa kuwaonyesha njia. Mbele ya Salombe matumbawe yanakatika ghafla, kama umefika ukingoni mwa paa. Ukuta unashuka, chini ni giza. Mikondo pale ina tabia ya kugeuka bila kuaga. Noldy aliijua. Akawa mwongozaji, na hakuacha kazi hiyo mpaka siku aliyokufa.

Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kina baba. Aliimba vibaya, wasikilizaji, mimi nilikuwa nakaa benchi la mbele yake na masikio yangu ni mashahidi. Kiongozi wa kwaya alikuwa akimwambia, "Noldy, wewe fungua mdomo tu, sauti waachie wenzako." Naye anajibu, "Nimezoea kukaa chini, bwana. Hata sauti yangu inazama yenyewe."

Sasa sikilizeni jambo moja la kazi yao. Bila hilo hamtaelewa.

Kila mpiga mbizi ana mtungi wake wa hewa, na ana geji ya kumwonyesha imebaki kiasi gani. Wapo watu wanaovuta hewa nyingi. Mwenye hofu huvuta nyingi, na mwenye umri mkubwa pia. Hewa yake ikikaribia kwisha, inabidi apande juu, na mara nyingi kundi zima linapanda naye. Wenzake wanamkunjia uso botini. Wametoka mbali, wamelipia, na wameshindwa kumwona kasa kwa sababu ya mtu mmoja.

Waongozaji wetu hawapendi mgeni aone haya. Ndivyo tulivyo huku, hatumwaibishi mtu mbele za watu. Basi wanafanya hivi. Mwongozaji ana kipumulio cha akiba kwenye mtungi wake mwenyewe. Anampa mgeni akiweke mdomoni, anamshika mkono, wanaogelea pamoja. Mgeni anapumua hewa ya mwongozaji, mtungi wa mgeni unapumzika. Baadaye mgeni anarudi kwenye mtungi wake. Anapanda pamoja na wenzake, na geji yake bado ina kitu. Hakuna aliyekunjiwa uso.

Nimewauliza waongozaji wa Salombe mmoja mmoja. Wote wamefanya hivyo. Wote.

Om Noldy alikuwa na mgeni wake wa miaka mingi, Mama Lanny wa Surabaya, mjane mwenye duka la vitambaa. Kila mwaka alikuja, na hakushuka majini na mtu mwingine ila Noldy. Nilimuuliza zamani kama haogopi, umri ule. Akasema, "Niogope nini? Mimi geji siitazami. Namtazama Om Noldy."

Na kila safari Noldy alimpa kipumulio chake cha akiba. Mara ya kwanza Mama Lanny alimuuliza, je wewe hutaishiwa? Noldy akamwambia, "Mama, mtungi wangu hujazwa zaidi. Sisi wafanyakazi tunapendelewa." Mama Lanny akacheka, akaamini. Akaendelea kuamini.

Siku ile walishuka watu watatu. Om Noldy, Mama Lanny, na kijana mmoja wa Jakarta anayeitwa Rangga, mwenye kamera. Mama Lanny alipumua kwenye mtungi wa Noldy kwa muda mrefu, kama kawaida yao, kisha akarudi kwenye wake. Walipofika kwenye kona ya ukuta, Rangga akamfuata kasa. Noldy aligonga mtungi wake kwa chuma kumwita. Kijana alisikia. Ameniambia mwenyewe kwa simu kwamba alisikia.

"Nilisikia, Pak," alisema, kama wanavyomwita mtu mzima huko kwao. "Sikugeuka. Nilijua yupo nyuma yangu."

Mkondo wa kushuka ukamchukua. Noldy akamwonyesha Mama Lanny ashike mwamba, kisha apande juu taratibu. Mama Lanny alitii, akafika salama. Noldy akaenda chini. Alimpata kijana mbali sana chini, akalijaza hewa jaketi la kuelea alilovaa kijana, akamsukuma kwa kiganja tumboni. Rangga akapanda. Yu hai. Noldy hakupanda. Wenzake walimpata asubuhi yake juu ya mwamba uliochomoza ukutani, mtungi ukiwa mtupu.

Mtungi ukiwa mtupu. Hapo ndipo lile neno la uzembe lilipoanzia.

Baada ya mazishi ilifanyika ibada ya faraja nyumbani kwa marehemu, mchana, chini ya sabuah, kile kibanda cha mianzi tunachojenga mbele ya nyumba yenye msiba. Waongozaji wote walikuwepo, na Mama Lanny pia. Kabla watu hawajakaa, Frets, mdogo wake Noldy, ambaye naye ni mwongozaji, alimvuta shemeji yake pembeni karibu na masufuria. Nilikuwa pale nimeshika sahani ya ndizi.

"Shemeji, mwambie yule mama. Jina la kaka linachafuka."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

"Nimwambie mtu mzima kama mama yangu kwamba pumzi alizopumua zilikuwa za mume wangu? Anakula hata hivi? Mwangalie. Hali."

"Basi watasema ndugu yetu mpumbavu mpaka Yesu arudi."

"Na waseme," Deetje akasema. Lakini macho yake hayakumwacha Mama Lanny.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yake, wasikilizaji wapendwa. Akinyamaza, mume wake anabaki mzembe. Akisema, anamvunja mwanamke ambaye Noldy alimpenda kama mzazi.

Ibada ikaisha. Mama Lanny akasimama, akaja kukaa miguuni pa Deetje, chini kabisa kwenye mkeka, na nguo zake nzuri zile.

"Deetje mwanangu," akasema, "nimesikia wanavyosema hotelini. Nimegombana nao. Nimewaambia, mnamjua Noldy nyie? Mtungi wake ulikuwa unajazwa kuliko yetu sote, sasa uzembe unatoka wapi? Wakanicheka. Nipe neno la kuwajibu, mwanangu. Ulikwishaje?"

Pale kibandani palikuwa na waongozaji wasiopungua ishirini. Hakuna aliyeinua kichwa. Frets alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Deetje alimshika Mama Lanny mikono yote miwili. Akasema polepole, kama anayemlisha mgonjwa.

"Mama. Mitungi yote hujazwa na mashine moja. Kiasi kilekile."

"Hapana, wake ulikuwa unajazwa zaidi. Aliniambia."

"Alikuwa anakutania, Mama."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Mama Lanny hakulia. Tuliona inamwingia, kama mtu anayesomewa jambo kwa lugha asiyoijua vizuri. Halafu akauliza, sauti imeshuka kabisa:

"Kwa nini hakuniambia hewa yangu imekwisha?"

Frets ndiye aliyejibu. "Ungepanda botini peke yako mapema. Ungeona haya."

"Ningeona haya," Mama Lanny akasema. "Ndiyo. Ningeona haya, halafu ningekula ndizi, halafu yangeisha."

Deetje akamkumbatia. Walikaa vile mpaka wanakwaya wakaanza kukusanya viti.

Jioni hiyohiyo Mama Lanny alinikuta gatini. Aliniambia, "Wewe si una kipindi? Sema. Usiseme 'mgeni mmoja'. Taja jina." Nikamwambia Mama, watu watakusema. Akajibu, "Mimi nitarudi dukani Surabaya niendelee kupima vitambaa. Noldy hana pa kwenda kujitetea."

Anaitwa Lanny Suwandi. Nimetaja, kama alivyoniagiza.

Naulizwa sana siku hizi, je, mtu anayepiga mbizi kwa starehe amtegemee mwongozaji? Mimi sina shule kubwa, nimeokota elimu huku na kule, lakini katika hili nina jibu. Mtegemee akuonyeshe njia. Mtegemee akuambie mkondo umegeuka. Akigonga mtungi, geuka hapo hapo. Lakini geji yako itazame wewe. Ukimwachia na hiyo, unampa mtu mmoja mapafu ya watu wawili ya kulinda, ya watatu, ya wanne, naye kifuani ana yake tu. Rangga hakugeuka kwa sababu alijua Noldy yupo nyuma. Mama Lanny hakutazama kwa sababu Noldy alikuwa anatazama. Wote wawili walimwamini, na wala hawakuwa wabaya.

Na nyie waongozaji, ndugu zangu wa Salombe na visiwa vyote. Najua mnafanya kwa upole. Mgeni akiishiwa, mwambieni ameishiwa. Mpandisheni. Anune botini. Frets ameniambia kuanzia wiki hii yeye hatoi tena kipumulio cha akiba ila kwa hatari ya kweli. Juzi mgeni wake alimnunia mpaka wakafika gatini. Frets anasema aliuangalia ule mnuno njia nzima na machozi yanamtoka, kwa kuwa kaka yake angekuwa hai leo kwa mnuno kama huo.

Deetje, pole sana. Binti yetu, pole, soma, baba yako alikuwa anakutaja kila siku. Frets na wenzako, poleni. Mama Lanny huko Surabaya, pole nawe, na wengi hapa tunakuombea upate usingizi. Noldy Makahinda hakuzembea. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Noldy Makahinda hakuzembea. Hewa yake aliigawa.

Sasa nitanyamaza kidogo hapa studio, wala sitaweka wimbo. Nawe hapo ulipo, zima injini, acha chombo unachoosha. Utajisikia unavyopumua. Mkumbuke.