Binti Ambaye Hakuja Kumzika Mwalimu Warigia

Mchungaji wetu, wazee, akina mama, walimu na majirani, mimi ni Wanyoike, shemeji ya marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nami najua kwamba tangu asubuhi mmekuwa mkinong'onezana binti yake wa kwanza, Priscah, yuko wapi, basi nivumilieni nianze mwanzo, na huko nitafika.

Marehemu Esther Warigia alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 katika shamba la mzungu karibu na Burnt Forest, ambako baba yake, Mzee Gichuru, alikuwa akikamua ng'ombe, na kwa kuwa shule ya pale iliishia darasa la nne, mama yake, Nduta, alimpeleka kwa nyanya yake Nyeri mwaka wa 1945, watu wakacheka wakisema anamsomeshea mtu mke. Alihitimu ualimu mwaka wa 1954, na tarehe 18 Agosti 1956 mtu huyo akapatikana, naye ni ndugu yangu Johnstone Nderitu, wakajaliwa Priscah, Nduta na kitinda mimba Kabiru.

Walihamia Eldoret mwaka wa 1963, akafundisha shule ya msingi mjini, na kampuni yetu ya kununua ardhi iliponunua shamba hili la Kapseret mwaka wa 1966, sisi wanaume tulitaka kuibomoa nyumba ya mzungu aliyetuuzia tugawane mabati, lakini Warigia alisimama mkutanoni, mahali ambapo wanawake hawakuwa wakisimama, akaomba nyumba iachwe, kwa sababu walimu wanawake wa huku walitaka kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu na hawakuwa na mahali pa kusomea wakiwa na watoto mgongoni. Tulibishana mpaka ng'ombe wakarudi nyumbani, na nyumba ikabaki.

Humo aliweka sheria moja tu, kwamba anayefaulu atarudi wakati wa likizo, abebe watoto na kufua nepi ili wenzake wasome. Wa kwanza kufaulu alikuwa jirani yetu Rael Chepkoech, aliyekwenda Nairobi mwaka wa 1968 na kurudi kila Agosti, na wazee waliposhangaa kumwona msomi wa chuo kikuu akianika nepi, marehemu aliwajibu kwamba digrii haimwondoi mtu katika ujirani. Yeye mwenyewe aliendelea kuahirisha zamu yake hadi Rael alipomgombeza, akafanya mtihani Novemba 1970, Rael akiwa ameomba ruhusa chuoni aje kukaa nje ya ukumbi na Kabiru wa miezi mitatu, aliyenyonya kila mama yake alipotoka kwa mapumziko.

Alipata digrii mwaka wa 1974, akaajiriwa chuo cha ualimu, na mwaka wa 1977, kamati iliposita kumfanya mkuu wa idara kwa kuwa ni mama wa watoto watatu, aliwauliza watoto wao wanalelewa na nani, wakampa kazi. Wanawake tisa wamepitia nyumba ile hadi chuo kikuu, na baadhi yao ndio waliowapikia chai leo.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya titi Februari 1978, na mwezi uliopita, akiwa kitandani, alituambia Nderitu, Rael na mimi kwamba Mungu akimwita wakati wa mitihani ya Priscah ya chuo kikuu, binti aambiwe ukweli lakini asiitwe nyumbani kabla ya kumaliza. Nililiona neno hilo gumu, na bado naliona gumu. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Juni 1979, na Jumatatu Rael akampelekea Priscah habari Nairobi, binti akalia, akafunga nguo zake aje, kisha akazifungua mwenyewe akaenda mtihanini.

Tunamshukuru Daktari Nyongesa na wauguzi wote, majirani waliokesha nasi, na walimu wenzake wa chuo. Ombi letu ni moja. Leo Alhamisi, tunapomshusha mama yake, Priscah anaandika karatasi ya mwisho, na Jumamosi atafika hapa, basi yeyote asimwulize mbona hakuja kuzika, mwulizeni mtihani ulikwendaje, ajibu, halafu akina mama mshikeni, alie.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, tumefanya ulivyosema.